Vijiti Vyekundu na Kibuyu cha Bibi

Ninamwandikia mtu mmoja nisiyemjua. Asubuhi hii ameketi kwenye benchi la nje la kliniki ya kifua kikuu, na mkononi ana kikopo chenye kifuniko alichokificha kwa ncha ya kanga, au kwa kofia kama ni mwanamume. Hamwangalii mtu. Anadhani kila anayepita anajua kilichomleta. Ndugu yangu, mimi nilikaa hapo. Nilimaliza dawa, nikapona, na siku hizi nikipita Shinyanga nalikumbuka benchi lile kwa hamu. Siku ile mtu angeniambia kwamba nitalitamani, ningemwona hana akili.

Naitwa Minza. Shule niliiacha kidato cha pili, mama yetu alipofariki, nikaenda machimboni upande wa Geita. Nilikuwa nauza chai na chapati karibu na karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, mahali ambapo vumbi jeupe hukaa kwenye kope za watu mpaka kijana anafanana na babu yake. Chini ya meza yangu kulikuwa na kitabu cha biolojia kisicho na jalada. Nilitaka kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kwa kuwa sikuwa na mwalimu, nilijifundisha mwenyewe, na nilikuwa mwalimu mkali. Nilichora seli ya mnyama: utando kwa nje, kiini katikati. Mstari ukitetemeka kidogo nilichana karatasi na kuanza upya. Sikuweza kulala nikijua kuna duara lenye kilema ndani ya daftari langu.

Nikigeuza chapati nilikariri kwa sauti: bakteria, virusi, fangasi, protozoa. Kila kundi nililitafutia mfano wake. Fangasi ni ule ukungu ulioota kwenye michembe yangu, viazi vitamu vya kukausha kutoka nyumbani, siku mfuko ulipolowana. Protozoa ndiye anayeleta malaria. Virusi ni yale mafua yaliyozunguka kambi nzima. Bakteria ndiye aliyenishinda. Nilijua anaumiza watu, lakini nilitaka mfano ninaoweza kuushika mkononi.

"Mwalimu Bakteria!" wachimbaji walinitania. "Hii chai ina wanafunzi wako wangapi?"

"Imechemka. Wote wamefeli."

Walicheka, na mimi nikacheka, mpaka kicheko kikageuka kikohozi.

Nililaumu vumbi. Pale kila mtu anakohoa, na kila mtu analaumu vumbi. Nikaanza kuamka nimelowa jasho wakati wengine wanajifunika. Sketi ikawa inazunguka kiunoni, nikaifunga kwa kamba, kisha nikaikunja mara mbili na kuifunga tena. Mzee mmoja aliyekuwa akinywa chai kwangu kila siku alinitazama nikikohoa, akaweka kikombe chini.

"Binti, nyumbani kwenu wapi?"

"Shinyanga. Ibadakuli, kwa Bibi."

"Basi nenda kwa Bibi. Hili si vumbi. Vumbi nalijua mimi."

Nilifika Ibadakuli kiangazi kikiwa kikali, pamba imeshauzwa, ardhi imepasuka. Nyumba ya Bibi ipo upande wa uwanja wa ndege, na ndege ikipita kuku hukimbia kama wanaiona kwa mara ya kwanza. Bibi alinipokea kwa salamu yetu ya Kisukuma na utani wake wa siku zote. "Mwangaluka, mke mwenzangu. Mume wetu kafa zamani, sasa na wewe unakonda kwa ajili ya nani?"

Dada yangu Limi alikuwepo pia, na mtoto wake Kabula. Sisi Wasukuma mtoto wa kike aliyezaliwa wakati wa mvua tunamwita hivyo, na huyu alikuwa anakaribia mvua yake ya pili. Mume wa Limi alikuwa machimboni, kwa hiyo Limi alikuja kumsaidia Bibi. Tulilala chumba kimoja sote wanne, dirisha limefungwa kwa sababu ya vumbi. Kabula alikataa kitanda cha mama yake. Alitaka kulala kifuani kwangu, kinywa wazi, akinipumulia shingoni. Siku zile niliona ni raha kubwa kuliko zote duniani. Baadaye ndizo siku zilizonitia hofu kuliko zote.

Nilikwenda kliniki, wakanipa kikopo cha kutemea makohozi. Hapa nataka unisikilize vizuri, wewe wa kwenye benchi, kwa sababu hili kosa linaweza kuwa lako. Niliona aibu kumletea mtu mzima uchafu. Nikasukutua mdomo, nikasafisha meno, nikatema kitu cheupe, safi, kinachong'aa, nikafuta kikopo kwa nje na kukipeleka kama zawadi. Majibu yakasema hakuna kitu. Nikarudi nyumbani na furaha, nikaendelea kulala na Kabula kifuani, na kuendelea kukonda.

Niliporudi tena, nesi wa kliniki ile alinyanyua kikopo changu kipya kwenye mwanga. Wote walimwita Mama Kulwa.

"Hii nini?"

"Makohozi, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Haya ni mate. Mate ya kistaarabu kabisa. Na mara ya kwanza ulileta kama haya?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mwanangu, mimi sikuombi usafi. Nakuomba ugonjwa wenyewe. Amka asubuhi, kabla ya kula, vuta pumzi mpaka chini, kohoa kutoka huko, ulete kile unachokionea aibu."

Nikaleta. Majibu yalipotoka niliitwa ndani, nikaambiwa ni kifua kikuu. Sijui watu wengine husema nini wakiambiwa hivyo. Mimi niliuliza, "Naweza kuwaona?"

Mama Kulwa alifikiri nimechanganyikiwa. Nikamweleza habari za kitabu, za seli nilizozichora mamia bila kuona hata moja, kwa sababu sijawahi kuwa na hadubini. Akanishika mkono mpaka dirisha la maabara, akamwita kijana wa mle ndani. "Huyu anasoma mwenyewe. Mwonyeshe wa kwake."

"Usiogope," yule kijana alisema, "hawa nimewapitisha motoni, wamekufa. Fumba jicho moja."

Nikainama. Mwanzoni niliona kope zangu tu. Kisha uwanja wa bluu ukatulia, na juu yake vijiti vyekundu, vyembamba, vimepinda kidogo, kama njiti za kiberiti zilizomwagika kwenye kanga. Vilikuwa vizuri kutazama. Naona haya kusema hivyo, lakini vilikuwa vizuri.

"Na haya makubwa ya bluu?"

"Hayo ni ya kwako. Seli zako, zile zilizokwenda kupigana. Ona viini vyake."

Niliangalia muda mrefu. Kiini cha moja kilikuwa kimebanwa mapande mapande, cha nyingine kimejikunja kama harage. Katika seli zangu zote hapakuwa na hata moja iliyokuwa duara. Nilikumbuka karatasi zote nilizochana kule machimboni, nikaanza kulia huku jicho likiwa bado kwenye kioo, mpaka yule kijana akasema, "Basi, basi, utalowesha mashine ya serikali."

Mama Kulwa aliuliza ninalala na nani. Nilipomtaja Kabula uso wake ulibadilika. "Kesho mleteni huyo mtoto. Tumpime, na hata akiwa mzima tumpe dawa za kinga."

Nilimwambia Limi jioni ile, tukichambua mchele. Aliuweka ungo chini taratibu.

"Ulipima mara ya kwanza ukasema huna kitu."

"Nilikosea, dada. Nilipeleka mate."

"Ulipeleka mate." Alilirudia kama anaonja kitu kichungu. "Wewe unayejua vijidudu vyote kwa majina. Umemlaza mwanangu kifuani muda wote huo."

Asubuhi alifunga mizigo kwenda kwa wakwe zake Songwa, kule kwenye mgodi wa almasi. Alisema atampima mtoto hukohuko. Bibi hakumzuia. Alichukua kibuyu kidogo, akakijazia maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu chake kikubwa, akampa kwa ajili ya Kabula. Kabula alininyooshea mikono. Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Basi nikabaki na vidonge. Vya miezi miwili ya kwanza vilikuwa vikubwa na vingi. Mkojo uligeuka rangi ya chungwa, na jasho likatia doa kwenye kola ya blauzi nyeupe. Usishtuke, ni dawa. Tumbo lilinichafuka, magoti yakauma kama ya Bibi, tukawa tunasimama kutoka kwenye mkeka kwa zamu, yeye akicheka. Kila nilipokwenda kuchukua dawa nilikaa kwenye lile benchi na watu walewale. Kulikuwa na fundi baiskeli aliyekuwa akituuliza, "Leo nani kakojoa dhahabu?" Tulipimwa uzito, na aliyeongezeka alipigiwa makofi. Siku mshale uliposogea kwa ajili yangu nilipigiwa makofi na watu ambao sikujua hata majina yao ya ukoo. Tangu hapo nimepongezwa kwa mambo mengine, lakini sijasikia tena makofi kama yale.

Lakini nyumbani nilikuwa nimeanza kuharibika kwa namna nyingine. Kila nikifumba macho niliona vijiti vyekundu. Nilijitengea sahani, kikombe na kijiko. Nilichemsha vyombo, nikasugua meza kwa sabuni ya unga mpaka vidole vikapasuka. Ugali nilijikatia pembeni kabla ya Bibi hajanawa, nikala nimempa mgongo. Maisha yake yote Bibi hajawahi kula peke yake. Alikaa mbele ya sahani kubwa, akamega, akachovya kwenye nsansa, ile mboga yetu ya majani makavu ya kunde, akatafuna polepole akiangalia mgongo wangu.

Siku moja alikwenda msibani kwa jirani. Nikaona kibuyu chake cha maziwa kimening'inia jikoni. Ndani kilikuwa cheusi kwa umri. Bibi hukisuuza kwa maji ya uvuguvugu tu, na hakimimini mpaka mwisho. Siku zote hubakiza maziwa kidogo chini. Nilinusa, nikapata ile harufu kali ya uchachu, na kichwa kikaniambia: bakteria. Nikachemsha maji, nikamimina, nikatia sabuni, nikaingiza mti wenye kitambaa, nikasugua mpaka maji yakatoka meupe. Nikakianika juani. Nilijisikia kama nimepata alama mia.

Bibi alirudi na kanga yake ya msiba, akasimama uani.

"Minza. Mbona kibuyu kimelala kifudifudi? Na hapa kuna aliyekufa?"

"Nimekisafisha, Bibi. Kilikuwa kimejaa vijidudu."

Alikichukua, akaingiza pua. "Kinanuka nguo zilizofuliwa." Alikigeuza, akakipiga kofi kidogo kama unavyompiga mtoto aliyepaliwa. "Hiki alinipa mama mkwe wangu siku ya kwanza naingia kwake, kikiwa na maziwa chini. Njaa zimepita, ng'ombe wamekufa tukaomba maziwa kwa watu. Hakijawahi kukauka."

Hakunigombeza. Ningefurahi angenigombeza. Aliingia ndani na kukaa kitandani bila kuvua kanga ya msiba.

Tangu siku hiyo maziwa hayakuganda. Yaligawanyika, maji ya kijani juu, mapande machungu chini, yananuka. Bibi alimwaga, akatia mengine, akamwaga. Mimi nikarudi kwenye kitabu kutafuta kilichotokea, na mwishoni mwa sura ile niliyoikariri kwa miaka kulikuwa na aya fupi ambayo sikuwahi kuipa uzito, kwa sababu haikuwa ya ugonjwa. Ilisema wapo bakteria wanaogeuza maziwa kuwa mgando, na kwamba bila wao yataoza. Mfano wangu, ule wa kushika mkononi, ulikuwa ukining'inia jikoni tangu nizaliwe. Niliupata nikiwa nimeshaumwagia maji ya moto.

Nilimweleza Mama Kulwa nikitegemea anipongeze kwa usafi wangu wa vyombo, angalau huo. Alicheka mpaka akashika meza.

"Umechemsha kibuyu. Na maziwa mnachemsha?"

"Hapana, Mama. Bibi anasema ya kuchemsha hayana ladha."

"Basi umechemsha kisichotakiwa. Maziwa mabichi ndiyo yanaweza kukuletea magonjwa. Yachemshe, yapoe, ndipo utie kwenye kibuyu. Na hiyo sahani yako ya pembeni ni ya nini? Kifua kikuu hakikai kwenye sahani, binti. Kinapita kwenye hewa. Umesugua kijiko, dirisha ukaliacha limefungwa."

Nilirudi nikafungua dirisha. Vumbi likaingia, na upepo, na kelele za kuku. Jioni nilibeba kile kisahani changu kwenda kukaa nacho karibu na Bibi. Alikichukua, akakifunikia chungu cha mboga, akanisogezea sahani kubwa. "Nawa," alisema. Hilo tu.

Miezi miwili ya kwanza iliisha na mvua za kwanza. Kijana wa maabara aliniruhusu kuangalia tena. Uwanja wa bluu, seli chache zilizopinda, hakuna kijiti. Nikatafuta kila kona mpaka akaniambia, "Unatafuta nini? Wameondoka." Nilibadilishiwa dawa, vidonge vikapungua. Ningetakiwa kufurahi. Lakini mvua ilikuwa inanyesha, Kabula alikuwa anatimiza mvua yake ya pili Songwa, na Limi hakuwa amempeleka kupima. Aliogopa wakwe zake wasijue. Nilipopiga mimi, hakupokea. Bibi akipiga, anasema mtoto hajambo, kisha mtandao unakatika ghafla, kama mitandao inavyokatika mtu asipotaka kuulizwa.

Mvua zilipokolea, siku moja Limi alipiga mwenyewe. Alimtaka Bibi, lakini simu ilikuwa mkononi mwangu.

"Kabula anakohoa," alisema. Nyuma yake nilimsikia. Nilikijua kikohozi chake kama ninavyokijua changu. "Ana homa. Hali chakula. Minza, nifanye nini?"

Nilijua makundi yote manne kwa majina, na nilichofanya ni kumgeukia Bibi. Bibi akaichukua simu.

"Mama Kabula. Nisikilize, ng'wanone, mwanangu. Mkweo akiuliza, mwambie bibi yako ndiye aliyekutuma. Mpeleke mtoto leo, useme kila kitu, useme alilala na mgonjwa. Aibu haijawahi kuua mtoto. Kunyamaza kumeua."

Limi akaenda. Sisi tukangoja. Sitaki kupamba kungoja kule. Nililala kitandani nikiwa nimeshika upande ambao Kabula alikuwa akilalia, na nilimwahidi Mungu mambo mengi ambayo baadhi yake sijayatimiza. Bibi alimwaga maziwa yaliyooza, akachemsha mengine, akayatia. Mikono yake ilihitaji kazi.

Majibu yakaja: mafua. Mafua ya kawaida, virusi, yale yaliyozunguka kijiji kizima. Picha ya kifua ilikuwa safi. Wakampa dawa za kinga, anywe mpaka ziishe. Limi alilia kwenye simu, mimi nikalia, na Bibi akauliza kwa sauti ya ukali, "Sasa mnalia nini, kapona au hajapona?"

Walirudi wakati wa kupandikiza mpunga, majaruba yamejaa maji na kila bonde limekuwa kijani. Nilikuwa nakaribia mwisho wa dawa. Kabula alikuwa anatembea vizuri, ameota meno, na hakunikumbuka. Alijificha nyuma ya mama yake. Limi alisimama mbele yangu bila kujua pa kuweka mikono. Kisha akafungua kikapu, akatoa kile kibuyu kidogo, akampa Bibi.

"Nimekuwa nikikiongezea," alisema. "Kliniki ya mtoto walinifundisha kuchemsha maziwa kwanza. Yanaganda vilevile. Mtoto hanywi kitu kingine."

Bibi alinusa. Alinusa tena. "Wabeja," alisema kwa sauti ndogo, ile shukrani yetu, lakini sijui alikuwa anamwambia Limi au nani. Akaingia jikoni, akamimina kutoka kibuyu kidogo kwenda kikubwa, akaongeza maziwa yaliyochemka na kupoa, akakitikisa na kukitundika mahali pake.

Kesho yake yaliganda. Mazito, meupe, na ile harufu kali niliyoisugua siku ile. Bibi alimpa Kabula kikombe. Mtoto alikunywa mpaka nusu, akapumua kwa nguvu, sharubu nyeupe mdomoni. Akatutazama mmoja mmoja. Kisha akaja, akaninyooshea mimi kikombe.

"Unywe," alisema.

Sikukichukua. Nilimtazama Limi. Najua nesi alishaniambia kikombe hakina neno, najua hadubini ilikuwa safi, lakini nilimtazama Limi.

"Kunywa basi," dada yangu alisema. "Unamchosha mtoto mkono."

Nikanywa.

Sasa nimepanga chumba Nyasubi, mjini Kahama, karibu na soko. Mtihani nilifanya. Biolojia nilipata C, na nililia siku mbili kwa sababu sikupata A, kwa hiyo ujue hata ugonjwa hauponyi kila kitu. Bibi bado anatania, ila sasa anasimama kutoka kwenye mkeka kwa msaada, na mimi sipo kusimama naye kwa zamu. Nilipokuwa nahama alinipa kibuyu kidogo. Hakikuwa kitupu.

Asubuhi hii nilimimina mgando wa chai. Nikabakiza kidogo chini, nikakitundika, nikafungua dirisha, kisha nikaketi kukuandikia wewe uliye kwenye benchi. Wakikuita, ingia na kikopo chako. Kohoa kutoka chini. Ukitoka, sogea kidogo, mwenzako apate pa kukaa.